Nusu siku baharini Shimoni: mshipi kwanza, miwani baadaye

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Sauti inafika? Bwana mdogo, sogea huku nyuma ya mlingoti, upepo unaingia kwenye maiki. Haya, hapo sawa.

Tuko gatini Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, saa 12 na robo asubuhi, jua ndio kwanza linachomoza. Kile mnachokiona ng'ambo ni kisiwa cha Wasini, na huko nje, nyuma ya Wasini, ndiko tunakokwenda. Kila wiki napokea swali moja: mtu amekodi boti yeye na watu wake peke yao, nusu siku, anataka kuvua na anataka pia kuogelea juu ya matumbawe. Yote mawili yanaingia? Yanaingia, na bado unarudi kula chakula cha mchana. Ila yana zamu yake. Mshipi wa kuvulia kwanza, miwani ya kuogelea baadaye. Ukigeuza, utakuja kuona mwenyewe kwa nini siku imekuharibikia.

Tuanze na siku yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea kabla hata ya kupanda boti. Usitazame kalenda ya ukutani peke yake, tazama mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji yanakuwa bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti yake huku kwetu hupita mita 3. Na pwani yetu ina tabia yake, siku za bamvua maji hukupwa kabisa saa 4, saa 5 asubuhi. Leo ni tarehe 16 ya mwezi wa kuandama, kupwa itakuwa saa 5 kasorobo. Kwa hiyo navua kuanzia saa 1 mpaka saa 3 na nusu, halafu nafika matumbaweni maji yanakaribia kusimama. Yakisimama hayakusukumi, na yakianza kujaa yanaleta maji masafi kutoka kilindini. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50 hivi.

Kama kuna watoto, au mtu hajawahi kuvaa miwani maishani, mimi husema njooni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Mkondo ni mpole. Mtaona matumbawe yako chini kidogo zaidi, basi. Na kusi likikaza, Juni mpaka Agosti, msinilazimishe. Nikisema leo hatutoki, hatutoki.

Vitu vya kubeba napita haraka: kofia, maji ya kunywa kwenye chupa ya kudumu, fulana ya mikono mirefu. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziingii mbugani, kwa hiyo zile chupa za dukani ziacheni huku. Fulana ndefu naipenda kuliko mafuta ya jua, maana mafuta yanachuruzika yote majini na mgongo unaungua vilevile. Kula kidogo: ndizi, mahamri mawili, chai ya tangawizi. Tumbo tupu linaleta kichefuchefu sawa na tumbo lililoshiba. Ada ya mbuga inalipwa kwa simu kabla hatujang'oa nanga, na jaketi za kuokolea zinavaliwa hapa hapa gatini. Tumemaliza, twende.

Sasa tumeshatoka nje. Upande ule mnaona visiwa viwili, Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, na mbele zaidi kile kijiwe kidogo cheupe ndicho Kisite. Sikilizeni vizuri. Kisite ni mbuga: humo huvui kitu, huokoti hata kombe tupu. Mpunguti ni hifadhi: wavuvi wenyeji wanaruhusiwa na zana zao za jadi. Mimi mgeni wangu simvulishi kwenye yote mawili. Tunavua huku nje kabisa, kwenye mkondo wa Pemba. Anayekwambia "tupa hapo hapo, hakuna anayeona" huyo atakutia mashakani na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, na boti atakayonyang'anywa ni yake lakini siku itakayoharibika ni yako.

Njiani tunarambaza. Mshipi mrefu nyuma ya tezi, ngisi wa plastiki mwishoni, na kabla ya ndoana kipande cha waya kwa sababu nguru na mzia wana meno ya kukata. Mwendo wa taratibu. Akila, akila. Asipokula, tunaendelea na safari.

Hapa. Zima mashine. Chini yetu pima 15, jabali. Hapa ndipo samaki aitwaye changu anapokaa.

Bwana mdogo, leta kamera karibu, nataka mikono yangu ionekane. Huu ni mshipi wa mkono, unene wake milimita 0.8 hivi. Mwisho wake chubwi, kile kizito cha kuzamishia, na juu ya chubwi ndoana mbili. Chambo ni ngisi aliyekatwa vipande vyembamba, au simu. Simu samaki, si ile ya mfukoni. Mchomeni kupitia jichoni, ili asidondoke. Kufunga ndoana sielezi leo, boti yangu utaikuta imeshafungwa.

Sasa jambo lenyewe. Usizungushe mshipi mkononi. Narudia: usizungushe mshipi mkononi. Tazameni kidole hiki cha shahada, hapa kwenye kiungo cha pili. Mnaona ule mstari mweupe unaozunguka kama pete? Nilikuwa na miaka 19. Nilichoka kushika, nikazungusha mara mbili tu, nipumzishe mkono nimimine chai. Akaja kolekole. Kolekole hadonoi, anakuja akikimbia na anaondoka akikimbia. Mshipi ulikaza ukaingia nyama mpaka mfupani, na sikuweza kuufungua kwa sababu yeye alikuwa anavuta kule na mimi ndiye nanga. Mjomba wangu aliukata kwa kisu. Kidole hiki mpaka leo hakikunji sawasawa.

Kwa hiyo unashika hivi. Mshipi unapita juu ya kidole cha shahada, gumba linaubana kwa juu. Ukiachia gumba, mshipi unakwenda. Umeona? Unabana, unaachia. Kidoleni navaa kipande cha mpira wa ndani ya tairi ya baiskeli, hauna gharama na unashinda glavu, maana bado unamsikia samaki. Na mshipi ulioshavutwa unaanguka ndani ya karai hili, hauanguki sakafuni. Sakafuni kuna miguu. Mguu nao ni mkono, ukizungukwa na mshipi ni yale yale.

Unaachia chubwi liende. Linakwenda... linakwenda... tu. Umesikia? Limegusa. Sasa pandisha pima moja, mkono mmoja mpaka mwingine ulionyooka, ndoana zisikwame kwenye jabali. Hapo ngoja. Changu atadonoa, tik tik, kama mtoto anayegonga mlango akiogopa. Usivute. Anaonja. Akibeba, mshipi unakuwa mzito, ndipo unaushtua mara moja na unaanza ku...

Huyo! Dada, vuta! Vuta, mkono baada ya mkono, usi... usizungushe! Usizungushe mkononi, dada! Achia, bana kwa gumba. Eeh. Hivyo hivyo. Acha akimbie, atachoka. Bwana mdogo, kamera iko wapi? Unapiga picha za mawingu. Chini, majini, pale. Haya, vuta taratibu sasa, mimi nampokea.

Mashallah. Changu, kilo moja na kitu. Hongera, dada.

Mmeona wenyewe lakini. Nimesema mara tatu, na mkono wake ulikuwa unajizungusha wenyewe. Hakuna mtu anayeamua kuzungusha, mkono ndio unaojitafutia nguvu. Kwa hiyo mtu akivua, mwenzake akae pembeni atazame mikono, wala asitazame samaki.

Changu anaingia kwenye kasha la barafu papo hapo. Barafu nimeichanganya na maji ya bahari kidogo ili imshike pande zote.

Huyu wa pili nataka mumwone kwa karibu. Kikande. Msimshike mdomoni, yale meno yanavunja chaza. Mtazameni mwiba wa mgongoni, ameusimamisha kama mlingoti, haulali hata ukiusukuma. Huyu namrudisha. Watu wanacheka, wanasema ana nyama nzuri. Najua. Lakini kikande ndiye anayekula wale viumbe wa mviringo kama mpira, wenye miiba mirefu myeusi, wanaochimba matumbawe. Mahali vikande walipovuliwa wote, ile miiba inajaa na jabali linabaki limekwanguliwa. Natoa ndoana kwa koleo, nenda baba. Bunju naye anarudi, kwa sababu nyingine: ana sumu. Huyo hata paka hapewi.

Saa 3 na nusu. Nimehesabu changu watano na mkundaji mmoja, tosha kabisa kwa watu sita. Sasa kuna kazi ndogo ambayo hairukwi. Mishipi yote inakunjwa inaingia kwenye sanduku, sanduku linafungwa. Chambo kilichobaki tunakimwaga huku huku. Sakafu inaoshwa, damu yote iondoke, na kila mtu anaosha mikono kwa sabuni na ndimu. Kidole chenye mafuta ya ngisi kikigusa kioo cha miwani, utaona ukungu mpaka nyumbani. Ndiyo maana nilisema mshipi kwanza. Na tukiingia mbugani, askari akisogea ubavuni, anakuta sanduku limefungwa na tunasalimiana vizuri.

Pomboo wale! Kulia, kulia. Watatu... wanne. Mashine polepole, tunakwenda sambamba nao, hatuwakati mbele na hakuna anayeruka. Wakitaka watakuja wenyewe.

Haya, Kisite. Hapa hatutupi nanga. Mnaona lile boya? Tunalijia dhidi ya mkondo, tunalidaka, tunafunga. Nanga moja ikiburutwa juu ya jiwe la matumbawe la mviringo, ambalo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, inavunja kwa dakika kitu kilichomzidi babu yako umri. Sisi wa pwani hii tunakumbuka 1998, bahari ilivyopata joto matumbawe yakageuka meupe yakafa mengi. Yaliyorudi hapa yamerudi kwa taabu.

Miwani sasa. Iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mkono. Ikibaki usoni, ni saizi yako. Ikianguka, chukua nyingine. Temea mate ndani, sugua kioo, suuza mara moja tu. Miwani mipya kabisa isugue kwa dawa ya meno siku moja kabla.

Dada zangu wenye mtandio, hili nalisema kwa sababu karibu kila mara maji yanaingilia hapo: ukingo wa mtandio usiingie chini ya mpira wa miwani. Hata uzi mmoja. Mpira ukae juu ya ngozi pande zote, mtandio unaanzia nje yake, na mkanda unapita juu ya mtandio. Ndugu zangu wenye masharubu, vaselini kidogo juu ya mdomo, inaziba.

Mrija mdomoni, meno yaung'ate kidogo tu, midomo iufunge. Maji yakiingia, usiinue kichwa ukahangaika. Puliza kwa nguvu mara moja: tuuu! Yanatoka kwa juu. Jaribuni hapa mkiwa mmeshika ngazi. Jaribuni tena. Ambaye hajatulia asiachie ngazi, hakuna anayetukimbiza.

Mashine imezimwa, propela haizunguki, nimeangalia kwa macho yangu. Ingieni. Wawili wawili, jaketi zikiwa mwilini, na mnaanza kwa kuogelea kuelekea mkondo unakotoka, ili mkichoka maji yawarudishe kwenye boti. Mapezi yapige kutoka kwenye paja, taratibu. Msisimame juu ya chochote. Ukitaka kupumzika, lala chali.

Kioo cha kamera kimeshika ukungu, subirini. Nafuta. Haya, tuko chini.

Maneno haya nimeyaweka baadaye juu ya picha, maana majini siwezi kuongea. Hapo mnaona kitatange wawili, hutembea mtu na mkewe. Yule mkubwa wa kijani na buluu ni pono. Nyamazeni kidogo msikie... kru, kru, kru. Anatafuna jabali kwa mdomo wake, anakula mimea iliyomo, na anachotoa nyuma ni mchanga. Mchanga mweupe mnaoukanyaga ufukweni, mwingi umepita tumboni mwa pono.

Yule kasa alikuwa anakula, hatukumsogelea. Mkononi mwa dada yule mnaona anaonyesha kitu kwa kidole, bila kugusa. Ni kikande. Amelala ubavu, anapuliza maji kwenye mchanga ili kuupindua ule mpira wa miiba, aupate kwa tumboni kusiko na miiba mirefu. Alipuliza mara tano, sita. Mara ya saba ukapinduka.

Saa 5 na dakika 25 maji yakaanza kuvuta, nikapiga filimbi, wote wakatoka. Hata aliyesema "dakika tano tu". Tukageuza, upepo mgongoni, tukafika Wasini adhuhuri ikikaribia. Changu wamekwaruzwa magamba, wamepakwa chumvi, ndimu na pilipili mbuzi, wako juu ya makaa. Tui linachemka. Boti inachukua watu 8, namba iko chini ya video. Mkipiga, niambieni kwanza tarehe ya mwezi.