Kivinjari Kidogo, Faili Kubwa

Wazee mliofika, shikamooni. Vijana wa Mbeya, karibuni, na poleni na baridi. Leo hatuzungumzii kitufe cha kupakua, tunazungumzia kinachofuata ukishakibofya.

Vivinjari vikubwa vina orodha ya faili, asilimia, kitufe cha kusitisha. Surf, kivinjari kidogo, haina. Ikikutana na kitu isichoweza kukionyesha, zip kwa mfano, inafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuiachia kazi curl, programu ya kupakua mafaili. Dillo, kivinjari kingine kidogo, nayo huitegemea wget, programu ya aina hiyohiyo. Mimi naupenda uamuzi huo: hata ukifunga kivinjari, upakuaji unaendelea, maana ni programu nyingine kabisa.

Penye mtego ni pale wanapokabidhiana. Seva inakutambua kwa vidakuzi, yaani vijidata ilivyoviacha kwenye kivinjari chako, kwa hiyo surf huipa curl anwani ya faili, vidakuzi, utambulisho wa kivinjari na ukurasa uliotoka. Kidakuzi kikikosekana ndipo vituko vinaanza. Mwanafunzi anabofya notisi.pdf, upakuaji unaisha kufumba na kufumbua, anafurahi. Akifungua, hakuna kitu. Andika hivi kwenye terminali, uone mwanzo wa faili:

head -c 200 notisi.pdf

PDF halisi huanza na %PDF. Ukiona <!DOCTYPE html>, umepakua ukurasa unaokudai nywila.

Lipo jambo ambalo hata vidakuzi havilitibu. Surf huliacha ombi la kwanza, kisha curl inatuma lake jipya, la GET, yaani la kuomba tu anwani. Faili linalotengenezwa baada ya kujaza fomu ya POST, inayotuma ulichokijaza kwa seva, kama risiti, hutalipata kwa njia hiyo. Fungua Firefox, chukua risiti yako, hakuna atakayekucheka.

Sasa bando. Uko kwenye basi la Tukuyu, unapakua MB 600, mtandao unakata kwenye kona za milima. Amri ya curl -C - hutazama kiasi kilichokwisha kufika diskini, kisha huiomba seva iendelee kuanzia hapo. Seva inayokubali hujibu 206, yaani sehemu ya faili, badala ya 200, faili zima. Tatizo ni kwamba surf huiita curl kwa -J, yaani seva ndiyo ichague jina la faili, na curl haikubali -J na -C kwa pamoja. Itabidi ufungue config.h, faili la mipangilio ya surf, uondoe -J, uweke -C -, halafu uijenge upya programu. Utaanza kupata mafaili yenye majina ya ajabu, pakua.php na mengineyo. Kwangu hiyo ni bei ndogo, jina nalibadilisha kwa amri ya mv.

Ila angalieni: kama mwenye seva amebadilisha faili tangu jana, curl itaunganisha nusu ya zamani na nusu mpya bila kukuambia chochote. Ndiyo maana tovuti makini huweka pembeni ya faili namba ya sha256, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Endesha sha256sum upate namba ya faili lako, linganisha. Zikitofautiana, futa uanze upya, tena ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu mwingine.

Haya, fungueni kompyuta, tuanze na config.h.