Ruta imesasishwa, TV imegoma

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo hatuna mgeni, kituko ni changu mwenyewe. Mussa amekaa hapa ananisubiri niungame.

MUSSA: Ungama tu dada, tuko wenyewe kwa wenyewe.

ZUHURA: Ijumaa, saa nne usiku. Watoto wamelala. Ile programu ya ruta kwenye simu ikaniletea ujumbe kwamba kuna toleo jipya la fimwea, yaani programu inayoiendesha ruta yenyewe. Nikasema haya ni mambo ya usalama, nikabonyeza kubali. Ruta ikapepesa taa, ikazima, ikawaka. Nikaangalia simu, intaneti ipo. Nikalala.

MUSSA: Na kulipokucha?

ZUHURA: TV ya sebuleni inaniambia nenosiri si sahihi. Nenosiri lile lile tangu mwaka juzi! Printa nayo inapepesa taa ya chungwa tu, na mimi nina kadi za mchango za kuchapisha. Simu yangu inapeta kama kawaida. Sasa hapo unamlaumu nani?

MUSSA: Wewe ulimlaumu nani?

ZUHURA: TV kwanza. Halafu kampuni ya intaneti. Halafu nikachukua ile pini ya kutolea laini ya simu...

MUSSA: Nilijua tu tutafika kwenye pini.

ZUHURA: ...nikaichomeka kwenye kile kitundu nyuma ya ruta, nikahesabu mpaka kumi. Basi hata simu ikakosa intaneti.

MUSSA: Hapo ndipo ulipojiongezea kazi. Kuna kuzima na kuwasha, na kuna kufuta, ila mtaani vyote tunaviita kuriseti. Kuzima na kuwasha hakuna hasara, fanya hata mara tatu. Kile kitundu ndicho kinachofuta: jina la waifai, nenosiri, kila kitu ulichopanga. Na kwa kampuni yako kuna kingine, jina na nenosiri la PPPoE ambavyo ruta hutumia kujitambulisha kwao. Fundi aliviandika siku anafunga, akanywa maji, akaenda zake.

ZUHURA: Na mimi hata sikuuliza.

MUSSA: Nani huuliza? Halafu kinachouma zaidi ni kwamba kufuta hakurudishi fimwea ya zamani. Toleo jipya limekaa pale pale. Umepoteza mipangilio, na ugonjwa uliokuwa unautibu bado upo.

ZUHURA: Nikapiga huduma kwa wateja, wakaniambia fundi atakuja Jumatatu. Ndipo nikakupigia wewe.

MUSSA: Nilipofika sikugusa ruta. Nilikwenda kwenye kisanduku cha faiba pale ukutani, nikaangalia taa iliyoandikwa LOS. Ilikuwa imezima. Ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki, na hapo hata ukeshe na ruta hutapata kitu, hiyo ni kazi ya kampuni. Ikiwa imezima huku kisanduku kinawaka, mwanga unafika. Kisha nikachomeka waya wa mtandao kutoka ruta hadi kwenye laptopu.

ZUHURA: Nami nikauliza, waya wa nini wakati tatizo ni la waifai?

MUSSA: Kwa sababu "intaneti haipo" ni malalamiko mawili tofauti. Ukipata intaneti kwa waya na kwa waifai hupati, basi ubishi uko kati ya ruta na vifaa vyako. Ukikosa hata kwa waya, tatizo liko upande wa nje, au ruta imesahau namna ya kutoka nje. Kwako mambo yalikuwa mawili kwa mpigo: la waifai lililoletwa na toleo jipya, na la kutoka nje ulilolileta wewe na pini yako.

ZUHURA: Tuiache pini. Wasimulie habari ya 192.168.0.1.

MUSSA: Ndiyo anwani ya kuingia ndani ya ruta yako. Nyingi nyingine ni 192.168.1.1, pindua ruta usome kibandiko cha chini. Unaiandika juu kabisa kwenye brauza, panapokaa anwani. Zuhura alikuwa anaitafuta Google.

ZUHURA: Na ikanipa majibu mengi kweli kweli!

MUSSA: Na ulipoiandika mahali pake kwenye simu, bado ukurasa haukufunguka. Sababu ni bando. Simu ikiona waifai haina intaneti, yenyewe inahamia kwenye data za laini, kwa hiyo unabisha hodi kwenye nyumba ambayo haupo mtaani kwake. Zima data kwanza, halafu ingia.

ZUHURA: Hilo peke yake lilinila saa nzima.

MUSSA: Basi tukapiga tena huduma kwa wateja. Safari hii hatukusema "intaneti haifanyi kazi," maana ukisema hivyo unapangiwa fundi. Tukasema, "Tunaomba jina na nenosiri la PPPoE la akaunti hii, na namba ya VLAN kama ipo." VLAN ni namba ya njia ambayo baadhi ya kampuni hupitishia intaneti. Yule dada akatusomea, tukaandika, intaneti ikarudi kwenye laptopu.

ZUHURA: Nilipiga vigelegele. TV ikaendelea kununa.

MUSSA: TV ilikuwa na haki yake. Waifai za nyumbani kwa miaka mingi zilitumia ulinzi wa WPA2, ulioanza 2004. Mwaka 2018 ikaja WPA3. Toleo lako jipya liliiweka ruta kwenye WPA3 peke yake. Simu yako ni ya juzi, inaielewa. TV yako ni ya zamani, haijawahi kuisikia.

ZUHURA: Sasa si iseme hivyo! Kwa nini iniambie nenosiri limekosewa?

MUSSA: TV nyingi hazina msamiati. Zikishindwa kuelewana na ruta kwa sababu yoyote ile, zinasingizia nenosiri. Kwa hiyo kifaa cha zamani kikigoma mara tu baada ya ruta kusasishwa, usianze kubadilisha nenosiri. Nenda kwenye sehemu ya ulinzi wa waifai, chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. TV ikaingia pale pale, umeona.

ZUHURA: Printa ikakataa hata huo mchanganyiko.

MUSSA: Printa yako ni kichwa ngumu. Waifai hurushwa kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5. Yenyewe inajua 2.4 tu, na ruta ilikuwa imeunganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja. Nikayatenganisha. Ile ya 2.4 nikaipa jina lako la zamani na nenosiri la zamani, herufi kwa herufi, ikiwa na WPA2 tupu. Ukirudisha jina, nenosiri na ulinzi ule ule, vifaa vya zamani vinarudi vyenyewe bila kusumbuana. Ile ya 5 ikabaki na mchanganyiko, kwa ajili ya simu na laptopu.

ZUHURA: Halafu ile ya 5 ikapotea kabisa! Nikasema Mussa naye kaharibu.

MUSSA: Ulinitazama vibaya sana. Kwenye gigahezi 5 kuna chaneli ambazo rada nazo hutumia. Ruta ikiangukia huko, kwa sheria inakaa kimya walau dakika nzima ikisikiliza kama kuna rada, ndipo itangaze jina. Mtu asiyejua anazima tena, na dakika inaanza upya.

ZUHURA: Sasa wasikilizaji watasema basi hatusasishi tena.

MUSSA: Hapana, sasisha. Mei 2018 kulikuwa na kirusi kilichoitwa VPNFilter. Watafiti wa Cisco Talos, kikosi cha usalama wa mtandao cha kampuni ya Cisco, walikadiria kimeambukiza vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za nyumbani na za maofisi madogo. FBI wakawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Na mlango wa wadudu wa namna hiyo mara nyingi ni fimwea iliyosahaulika. Ugomvi wangu na wewe ni saa nne ya usiku, bila kupiga picha ya ule ukurasa wa mipangilio, na...

ZUHURA: Usiseme.

MUSSA: ...na LUKU ikiwa imebaki uniti 0.8.

ZUHURA: Kasema.

MUSSA: Umeme ukikatika wakati fimwea inaandikwa, ruta inaweza isiamke tena. Baadhi zina nakala ya akiba ndani yake. Ulilala na bahati.

ZUHURA: Haya. Ila mwisho wake ulikuwa mtamu. Tangu Jumamosi asubuhi nilikuwa nabonyeza chapisha, chapisha, nikidhani haisikii. Kumbe laptopu ilikuwa inapanga foleni. Printa ilipoiona tu waifai, ikaanza kutema karatasi.

MUSSA: Kadi za mchango wa kitchen party ya mdogo wake, kila moja mara kumi na moja. Mpaka wino ukafifia.

ZUHURA: Kadi ya mwisho ilitoka ya rangi ya waridi, nyeusi ilikuwa imeisha. Nikaandika kwa kalamu jina la Mussa, nikamkabidhi.

MUSSA: Ndiyo malipo yangu ya ufundi. Nimetengeneza mtandao, nimedaiwa elfu hamsini.

ZUHURA: Mwisho wa kupokea ni tarehe ishirini, kaka.