Furu Hapangishwi Chumba Tumboni mwa Sangara

Mwangaluka! Chupa hii ya maji ya ziwa nimeichota asubuhi pale Kirumba, Mwanza. Ipitisheni mkono kwa mkono, ila asiinywe mtu. Huo ukijani unaoelea juu si majani wala tope. Ni bakteria wanaojipikia chakula kwa jua. Tutarudi kwao.

Mashuleni tulifundishwa kwamba seli kubwa ilimmeza bakteria, naye akageuka mitokondria, yaani kile kijiko cha nishati kilichomo ndani ya seli. Hilo neno "kumeza" linanikera. Sisi watu wa ziwani tunajua kumezwa kulivyo: furu akiingia tumboni mwa sangara, habari yake imekwisha.

Kwamba mitokondria ni mgeni, hilo halina ubishi tena. Mwanabiolojia Lynn Margulis aliliandika mwaka 1967, baada ya majarida mengi kumkatalia. Mitokondria zina DNA yake zenyewe, ya duara kama ya bakteria, na kwa binadamu zimebaki jeni 37 tu. Nyingine zilipotea au zilihamia kwenye kiini cha seli, kama mpangaji aliyefungia hati zake zote kwenye kabati la mwenye nyumba. Hahami tena huyo.

Je, mwenye nyumba, yaani ile seli kubwa, alikuwa nani? Mwaka 2015 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walichunguza tope la sakafu ya bahari kati ya Greenland na Norwei. Humo wakakuta jeni za arkea, viumbe vya seli moja visivyo na kiini, na baadhi ya jeni hizo tulidhani ni za seli za aina yetu peke yake. Wajapani nao walihangaika zaidi ya miaka 10 kumkuza maabara ndugu wa arkea hao. Subira gani hiyo! Kiumbe chenyewe huchukua siku 14 hadi 25 kujigawa mara moja. Ripoti ilipotoka 2020, hakikuonekana cha kumezea. Kina mikono mirefu, myembamba, na kinaishi kwa kubadilishana chakula na majirani.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa wanaosema ulianza ujirani: mikono ikamzunguka bakteria aliyejua kutumia oksijeni, ikabana, ikabana, hadi akajikuta yuko ndani. Wapo wanaopinga, na tutawasikia kwenye maswali.

Chupa imefika wapi? Mababu wa ukoo huo wa kijani nao waliingia baadaye, katika seli iliyokwisha kuwa na mitokondria, wakawa kloroplasti, yaani jiko la kijani linalopika chakula kwa jua ndani ya seli za mimea. Yale magugu maji yanayoziba mwalo yamewabeba majanini mpaka leo.