Kiswahili Kilinibeba Khon Kaen

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi mnaosomea ualimu, hamjambo.

Kisahani kinachozunguka huko nyuma msikipite. Ni embe mbichi, na hicho chekundu pembeni ni chumvi iliyochanganywa na sukari na pilipili kavu. Thailand wanaiita phrik kluea. Nilipoionja mara ya kwanza nilikuwa kwenye benchi la saruji nje ya chumba cha walimu, wiki yangu ya pili kazini, na hamu ya nyumbani imenikaba koo. Mtoto mmoja wa darasa la tano akaniletea vipande vya embe kwenye mfuko wa nailoni, chumvi kaifunga kando. Nilipotafuna tu nikajikuta niko Ngamiani, Tanga, langoni mwa shule yetu, kwa yule mama aliyekuwa akituuzia embe za chumvi na pilipili. Nililia. Mtoto akaogopa, akadhani pilipili imezidi.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kufundisha Kiingereza ugenini. Nilikaa huko miaka mitatu, kuanzia Mei 2016, maana mwaka wao wa masomo huanza katikati ya Mei. Ilikuwa shule ya msingi ya wilayani, mkoa wa Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa nchi, sehemu wanayoiita Isan. Kwenye kibali changu cha kazi mwaka ulioandikwa ni 2559, kwa kuwa wao huhesabu tangu kufariki kwa Buddha, miaka 543 mbele ya hesabu hii tuliyoizoea. Hilo halikunisumbua, nimekulia nyumba yenye kalenda mbili ukutani. Lililonishangaza ni kwamba nilikwenda kufundisha Kiingereza, na kila nilipokwama kilichonikwamua kilikuwa Kiswahili.

Chukueni saa. Mwalimu mwenzangu alinialika kwake, akaniambia kwenye simu: song thum. Namba nilikwishajifunza: nueng, song, sam. Na thum nilijua ni neno la saa za usiku. Wanasema asili yake ni mlio wa ngoma iliyokuwa ikipigwa kutangaza saa. Mbili, usiku. Nikaenda saa mbili usiku, nikawakuta ndio kwanza wanatandika mkeka. Mwenzetu kutoka Kanada, aliyealikwa kwa maneno yaleyale, alipiga simu akiuliza kwa wasiwasi ni karamu gani hii ya usiku wa manane. Wathai, jua likishazama, wanahesabu kama sisi: saa moja yetu ni nueng thum, saa tatu ni sam thum, mpaka saa tano. Baada ya hapo hesabu yao inageuka, na mchana wanaanza upya adhuhuri, kwa hiyo tunaachana. Lakini kwa zile saa tano za usiku nilikuwa mtu wa nyumbani, na sikuwahi kuchelewa mwaliko.

Kingine ni umri. Utasikia wageni wengi wakilalamika kwamba Mthai anakuuliza una miaka mingapi kabla hata hajakujua vizuri. Mimi nilielewa siku ya kwanza. Anataka kujua akuite phi, yaani dada au kaka mkubwa, au nong, mdogo wake. Bila hilo hajui aanzeje sentensi. Nani kati yetu hajawahi kumtazama mtu usoni akijiuliza, huyu nimwamkie shikamoo au nimwambie habari za leo? Yule mwenyeji wangu alinizidi miaka minne, basi akawa phi wangu mpaka leo.

Lakini Kiswahili hakikunipa kila jibu papo hapo, na hapa naomba niende taratibu. Alhamisi moja ya Juni shule hufanya wai khru, siku ya kuwapa walimu heshima. Watoto wanakuja na sinia za maua waliyoyapanga wenyewe. Kila ua lina maana yake. Kuna dogo jekundu liitwalo dok khem, na khem ni sindano, kumwombea mwanafunzi akili kali. Kuna majani ya ukoka, yanayotambaa hata yakikanyagwa. Na kuna ua la bilinganya, ambalo huinamisha kichwa linapokaribia kuzaa. Tulikaa kwenye viti, walimu safu nzima, watoto wakaja kwa magoti, wawili wawili. Wakafika mbele yangu, wakaweka sinia, wakainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Nilipigwa na ganzi. Nimelelewa nikijua paji la uso huwekwa chini kwa ajili ya Mungu peke yake. Sikutaka kuwaaibisha watoto wa watu mbele ya shule nzima, na sikutaka kusujudiwa. Nilipokea maua kwa mikono miwili, mikono inatetemeka. Jioni nikamweleza phi. Hakucheka wala hakuudhika. Akaniambia: sisi hatukuabudu, tunakushukuru, ninyi kwenu mnamshukuruje mwalimu? Nikamwambia tunamwamkia shikamoo. Akauliza maana yake. Nikaanza kumweleza kwamba wengi husema asili yake ni nashika miguu yako, na nilipokuwa nalitamka neno hilo kwa Kithai changu cha kuokoteza, nilijisikia nikijijibu mwenyewe. Sisi miguu tumeiachia ulimi. Mwaka uliofuata niliomba darasa langu waniletee maua kwa kukunja viganja tu, kama wanavyosalimiana kila siku. Mkuu wa shule alikubali pale pale.

Sasa darasani. Kulikuwa na mvulana aliyejitambulisha kwa jina la utani, kama Wathai karibu wote wanavyofanya. Nikasikia Bon. Nikaandika Bon kwenye rejista. Wiki ya tatu nikaona daftari lake limeandikwa Ball. Kithai hakina mwisho wa neno wenye l. L ikifika mwishoni hugeuka n. Na s ikifika mwishoni hugeuka t isiyopumua, inayokatikia mdomoni bila kutoa hewa. Kwa hiyo bill kwao ni bin, na bus ni bat. Nilikaa na hilo usiku kucha, kwa sababu na sisi hatuwezi kuacha neno likaishia kwenye konsonanti hivi hivi. Sisi tunaongeza irabu.

Kesho yake nikachora safu tatu ubaoni. Bus, bat, basi. Bill, bin, bili. School, sakun, skuli, kama wasemavyo Zanzibar. Darasa lilikuwa limezoea kunyamaza, na siku ile liliamka. Waliona kwamba mwalimu naye ana lugha inayomvuta miguu, ila inamvuta upande mwingine: wao wanafunga mlango mapema, mimi nauacha wazi. Nikawapa kila mmoja kipande cha karatasi akishike mbele ya mdomo. Sema bus mpaka karatasi itikisike mwishoni. Ball alirudia labda mara ishirini, mate yanaruka, na karatasi yake ilipotikisika aliinua mikono yote miwili juu kama aliyefunga bao.

Kuhusu ule unyamavu, walimu wengi wageni husema watoto wa Kithai ni wavivu wa kuongea. Si kweli. Kuna neno lao, kreng jai, ile hali ya kuchelea kumsumbua mkubwa au kumtia aibu. Mtoto akikuuliza swali, ni kama amesema hukufundisha vizuri. Nasi tunaijua: ukiuliza “mmeelewa?” darasa zima la kwetu huitikia ndiyo mwalimu, na nusu hawajaelewa. Niliacha kabisa kuuliza hivyo. Niliwapa dakika mbili waulizane wenyewe, kisha mmoja aniambie jambo ambalo jirani yake hakulielewa. Maswali yakamiminika.

Chakula sitakaa nacho sana. Wali wao wa Isan unanata, unaumega kwa vidole, unaufinyanga tonge, unachovya. Aliyekula ugali hahitaji kufundishwa.

Ila kuna jambo bado linaniuma, na ninyi vijana mtakutana nalo. Kabla ya shule ile niliyoipenda, wakala mmoja alizungumza nami kwa simu, akafurahi, akaniahidi kazi. Tulipoonana kwa video akaniambia wazazi wanataka mtu ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Na hata nilipopata kazi, mwenzangu ambaye hakuwahi kusomea ualimu alilipwa zaidi yangu kwa sababu ya pasipoti yake. Nilikuwa na cheti cha ualimu na miaka sita ya kusimama mbele ya ubao. Na yeye, mtu mwema kabisa, hakuwahi kusikia kwamba s ya mwisho ina ugumu wowote, kwa kuwa haikuwahi kumshinda. Mimi ilinishinda nikiwa na miaka tisa, nikachekwa, na ndiyo maana nilijua karatasi ishikwe wapi.

Naona mkono wa dada pale mbele umeinuka tangu nilipotaja mshahara. Karibu, uliza.