Kionjo cha roki: bei, mitaro na jaketi

Habari za jioni. Nitaanza na bei, kwa sababu santuri za kionjo, yaani zile zenye wimbo mmoja mmoja wa wasanii wengi ili uwaonje kabla ya kununua albamu zao, zilianzia kwenye bei.

Mwaka 1968 tawi la Uingereza la lebo (kampuni ya santuri) ya CBS lilitoa The Rock Machine Turns You On. Nyimbo 15, wasanii 15, shilingi 14 na peni 11. Hiyo ni shilingi ya Kiingereza ya enzi zile, yenye peni 12, msiichanganye na yetu ya senti 100. Santuri ya kawaida ilikuwa inapita shilingi 30, kwa hiyo kijana alipata kionjo kwa takriban nusu ya bei. Bob Dylan, Leonard Cohen na Simon & Garfunkel walikuwemo, na katikati yao wamepachikwa Spirit, Taj Mahal na Moby Grape. Hao watatu wa kwanza ni chambo. Lebo ilitaka urudi dukani kwa ajili ya wale wengine, ukatoe bei kamili.

Sasa piga hesabu. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1956 ilimpa mtunzi asilimia 6¼ ya bei ya rejareja. Shilingi 14 na peni 11 ni peni 179. Hata ukikosea kwa makusudi ukahesabu na kodi iliyomo ndani ya bei, asilimia 6¼ ni peni 11 na kidogo. Gawa kwa nyimbo 15: haifiki peni moja kwa wimbo. Ndiyo maana wimbo wa kionjo lazima uwe na albamu yake dukani. Bila hiyo albamu, msanii amegawa kazi yake karibu bure na hakuna kitakachorudi. Lebo za Warner Bros. na Reprise kule Marekani hawakuficha jambo hili: mfululizo wao ulioanza 1969 waliuita Loss Leaders, yaani bidhaa inayouzwa kwa hasara ili mteja aingie ndani. Santuri mbili kwa dola 2, unaagiza kwa posta, na tangazo lake limechapwa kwenye mfuko wa ndani wa santuri nyingine za kampuni hiyohiyo. Ukijaza kuponi, kampuni tayari inajua unakaa wapi.

Lebo ya Island ya Uingereza ilifuata 1969 na kionjo chake, You Can All Join In: Traffic, Free, Jethro Tull, Fairport Convention, na Nirvana, ambayo ni bendi ya Uingereza ya miaka ya 60, wale Nirvana wa Marekani walikuwa bado. Angalieni jambo moja hapo. Marekani, Jethro Tull walikuwa chini ya lebo ya Reprise, Free wakawa A&M, Traffic wakawa United Artists. Santuri ileile isingeweza kuuzwa New York bila kuomba ruhusa milango mitatu. Anayepanga kionjo aanze na karatasi ya haki, nchi kwa nchi, kabla hajasikiliza hata wimbo mmoja. Wengi huanza na masikio, wakaipenda orodha, halafu mwanasheria anaitoboa.

Tuje kwenye santuri yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Inazunguka mara 33⅓ kwa dakika, mwanzo hadi mwisho. Lakini mtaro wa nje (mtaro ni ule mfereji mwembamba ambamo sindano hupita) uko sentimita 14.6 kutoka katikati, na wa ndani kabisa uko kama sentimita 6. Kwa hiyo sindano inaanza ikipita karibu sentimita 51 za mtaro kwa sekunde, na inamaliza ikipita 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye chini ya nusu ya nafasi. Trebo kali, yaani sauti za juu, zinakwaruza, herufi "s" ya mwimbaji inakuwa kama mate, matoazi yanageuka mchanga. Kwenye albamu ya bendi moja, prodyuza anaweza kufunga upande kwa wimbo laini. Kwenye kionjo, kila meneja anataka msanii wake awe wa kwanza, na bendi yenye kelele kuliko zote, isiyo na meneja mkubwa, inasukumwa mwisho. Msikilizaji anafikiri bendi ndiyo mbaya. Mwisho wa upande wekeni gitaa kavu na sauti ya mtu, basi.

Urefu nao una deni. Nyimbo 15 za dakika tatu ni dakika 45, yaani 22 na nusu kila upande, bado ukimya wa sekunde mbili tatu kati ya wimbo na wimbo. Hapo umefika ukingoni. Ukizidisha, mitaro inasogeleana, mkataji, yaani fundi anayechonga mitaro, analazimika kushusha sauti na kupunguza bezi, na santuri yako inasikika nyonge mbele ya albamu unayotaka kuiuza. Bora kutoa wimbo mmoja kuliko kukata kila wimbo mkia.

Mikanda yenye rekodi za nyimbo inatoka studio tofauti, na kwa kawaida unayopewa ni nakala. Nakala ya kwanza tu inaongeza ile kelele ya "shhh" ya mkanda kwa karibu desibeli 3. Dai mkanda wenye toni za kupimia mwanzoni: hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 kwa kiwango cha sauti, 10,000 kwa mlalo wa hedi (kichwa kinachosoma mkanda), 100 kwa bezi. Hedi ikiwa imeinama kidogo tu tofauti na ile iliyorekodi, trebo yote inayeyuka, na fundi asiye na toni ataanza kuirudisha kwa kubahatisha. Na msilinganishe nyimbo kwa mita, yaani kipimo cha sauti cha mashine. Wimbo wa gitaa kavu ukiupandisha hadi sindano ya mita ifike pale ilipofika roki, mwimbaji anasikika kama anakupigia kelele sikioni. Uacheni chini kwa desibeli 2 au 3, mlinganishe sauti za waimbaji.

Jaketi, yaani kasha la santuri, ni fupi kulieleza: nyuma, kwa kila wimbo, andika msanii, albamu ulikotoka na namba ya katalogi. Namba ndiyo muhimu, maana muuza duka anaagiza kwa namba. Nimeona vionjo vizuri vyenye picha ya kupendeza na hakuna namba hata moja.

Santuri za majaribio zikirudi kutoka kiwandani, msizipime kwenye mashine ya studio. Chukueni pleya ya bei rahisi, ile atakayokuwa nayo mnunuzi wa kionjo, mshushe sindano moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho wa kila upande. Ukikwaruza, badilisheni mpangilio wa nyimbo kabla hamjaagiza mzigo.