Kosa la Mtoto Ubaoni: Hisabati katika Shule ya Kikristo

Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufundisha hisabati vizuri katika shule ya Kikristo. Neno langu ni moja, nalo nalisema mapema ili hata anayewahi kivuko cha Kigamboni aondoke nalo: Ukristo wa kipindi cha hisabati utauona pale mwalimu anapopokea jibu lisilo sahihi.

Kufungua kipindi kwa sala ni jambo jema, tuendelee nalo. Lakini kuondoa maembe kwenye swali na kuweka mikate mitano na samaki wawili hakumfundishi mtoto kujumlisha.

Tumchukue mtoto wa darasa la tano aliyesimama ubaoni. Ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Kila mwalimu hapa ameshaliona hilo. Amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili. Darasa linacheka, mwalimu anamwambia kaa chini, anaitwa mwingine. Yule aliyekaa amejifunza kutonyoosha mkono tena.

Sasa mwache palepale, umuulize kwa upole: ulikuwa na nusu ya chungwa, mama akakuongezea theluthi, wewe unasema una 2/5. Je, 2/5 inazidi nusu au haifiki? Mpe karatasi aigawe vipande kumi. Nusu ni vipande vitano. 2/5 ni vipande vinne. Ameongezewa, na alichonacho kimepungua! Mtoto atalikataa jibu lake mwenyewe kabla hujalikataa wewe. Hapo ndipo umwonyeshe vipande sita: nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla 5/6. Kipindi kitakuwa kimekwenda, nanyi mna silabasi ya kumaliza, najua. Lakini anayefika Kidato cha Kwanza bila kuelewa hesabu za sehemu, aljebra ataishikia wapi? Hisabati ndilo somo linaloangusha watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne mwaka hadi mwaka, na mizizi ya anguko hilo iko huku chini.

Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, alisomea teolojia Tübingen akitarajia kuwa mtumishi wa kanisa. Alipokuwa akitafuta njia ya sayari ya Mirihi, alipata duara lililokaribia sana vipimo vya Tycho Brahe, mpimaji wa nyota. Tofauti ilifika dakika 8 za pembe, yaani haikufika hata sehemu ya saba ya digrii moja. Nani angemlaumu kama angeipuuza? Kepler alisema Mungu kwa wema wake ametupa mpimaji makini kama Tycho, kwa hiyo haifai kuzidharau dakika hizo. Akaifuta kazi ya miaka, akaanza upya, na mwaka 1609 akachapisha kwamba Mirihi huzunguka jua kwa njia ya duaradufu, yaani duara lililorefuka. Wasimulieni vijana wa sekondari habari hii. Waone mtu aliyemcha Mungu akihangaika na kosa dogo kwa sababu ukweli ni wa Mungu.

Tena tusiogope Biblia na rula kukutana mezani. Katika 1 Wafalme 7, Sulemani anatengenezewa bahari ya kusubu, yaani birika kubwa la mviringo: mikono 10 (mkono ni kipimo cha kale cha urefu) ukingo hadi ukingo, na uzi wa mikono 30 kuizunguka. Mwanafunzi mwerevu atauliza: si ingekuwa 31.4, yaani 10 mara 3.14? Usimnyamazishe kwamba anakosoa Neno. Mwambie asome hadi mstari wa 26, unaotaja unene wa upana wa kitanga cha mkono. Tukikichukua kitanga kuwa sehemu ya sita ya mkono, kipenyo cha ndani kinabaki mikono 9 na 2/3, na mzingo wa ndani unakuwa kama 30.4. Huenda mwandishi alipima hivyo, huenda alitaja namba za kukadiria kama tufanyavyo sote. Waache wabishane kwa hesabu. Mimi naona hicho ni kipindi bora cha mzingo na kipenyo kuliko kurasa nyingi za kukariri kanuni.

Kuhusu fimbo nitasema kwa kifupi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 hapa Tanzania zimeweka viboko mikononi mwa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini, tena kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kukosea hesabu ya sehemu si utovu wa nidhamu. Mtoto anayeogopa ananakili kwa jirani, na shule ya Kikristo inakuwa imemfundisha kudanganya. Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Daftari lililonakiliwa nalo ni mizani ya hadaa.

Na lugha. Wengi wanakuja Kidato cha Kwanza wakiwa wamehesabu kwa Kiswahili miaka saba. Swali la mafumbo likiwa kwa Kiingereza, mruhusu kwanza alieleze kwa Kiswahili, kisha aliandike. Mara nyingi utakuta hesabu anaijua.

Wakuu wa shule, ombi langu ni kwenu. Mwalimu wa hisabati apangiwe vipindi viwili mfululizo walau mara moja kwa wiki, na mnapokagua madaftari msihesabu vema tu. Tafuteni kurasa ambazo mtoto alikosea, akaelekezwa, akarudia mwenyewe. Kama hazipo, kaeni na mwalimu huyo mzungumze.