Mpunga wa Ziwani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mada ya leo ni mamlaka ya watu juu ya chakula chao, lakini naomba tuanzie ndani ya mtumbwi.

Tuko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, Agosti inaisha. Waanishinaabe wawili, wa kabila la wenyeji wa asili wa huko, wako ziwani wakivuna mpunga-mwitu unaojiotea majini. Mmoja amesimama na upondo, anasukuma polepole. Mwenzake ameketi na fimbo mbili nyepesi: moja anainamishia mabua juu ya mtumbwi, ya pili anayapigapiga, si kwa nguvu. Punje zilizokomaa zinadondoka ndani. Nyingine zinaangukia majini, na hizo ndizo mbegu ya mwakani. Nyumbani mpunga utaanikwa, utakaangwa, utakanyagwa kwa viatu vya ngozi laini mpaka maganda yaachie, halafu upetwe kwa ungo wa gome la mti. Mama wa Kyela angeshangazwa na kule kukaanga tu, kupeta angewasaidia.

Wenyewe wanauita manoomin. Wazee wao husimulia kuwa waliagizwa wahame kutoka mashariki mpaka wafike mahali ambapo chakula kinaota juu ya maji. Ndiyo maana mwaka 1837, walipoiachia serikali ardhi kwa mkataba, walibakiza haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga huo. Jimbo likaja kubisha. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1999 wakashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Kura moja, jamani!

Mwaka 2018 Waanishinaabe wa eneo la White Earth, hukohuko Minnesota, wakatunga sheria inayoupa mpunga wenyewe haki ya kuwepo na kustawi. Nilicheka nilipoisoma, mpaka nikakumbuka kwamba kampuni nayo kisheria ni mtu.

Mjini Minneapolis, mpishi Sean Sherman, wa Walakota, kabila jingine la wenyeji wa asili, alishiriki kufungua mgahawa wa Owamni mwaka 2021. Humo hupati ngano, sukari ya miwa, maziwa wala kuku, vitu vilivyoletwa na wageni. Mahindi, maharage na maboga vimo tele, maana ni vya kwao tangu zamani. Ndiyo, mahindi. Jina linaisingizia India bure. Ugali mliokula mchana asili yake ni mashamba ya wenyeji wa Amerika.

Naona mikono imeshanyooshwa. Mzee wa kule nyuma, karibu uanze.